Mbona mmemruka Bayfield?

Makala ya gazeti lenu inamsifu Mtakatifu Thomas More wa Uingereza kuwa shujaa wa dhamiri, na mimi Mkatoliki naafiki. Kukataa kumwapia Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza huku ukijua utalipa kwa shingo yako si jambo dogo. Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535, kikatundikwa kwenye daraja la London, na binti yake Margaret ndiye aliyehangaika kukipata. Kila nikifika hapo moyo unaniuma.

Lakini mbona mwandishi amepita kimya miaka yake ya uchansela, yaani akiwa waziri wa juu wa mfalme, 1529 hadi 1532? Watu sita walichomwa moto kwa uzushi, yaani kwenda kinyume na mafundisho ya Kanisa, kipindi hicho. Mmoja wao ni Richard Bayfield, mmonaki wa zamani, aliyeingiza nchini vitabu vya William Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza. More alimwandika kuwa ni kama mbwa anayeyarudia matapishi yake. Mtu aliyekufa motoni! Na Bayfield je, hakuwa na dhamiri?

Hata Papa Yohane Paulo II, alipomtangaza More mtakatifu msimamizi wa wanasiasa mwaka 2000, aligusia kwamba katika kuwashughulikia wazushi alibanwa na mipaka ya zama zake. Kama Papa aliweza kuliandika, gazeti linaogopa nini?