Kima wa Jozani wana kinga, watoto wetu je?

Ramadhani ya mwaka juzi, zimebaki kama dakika kumi na tano kuadhiniwa magharibi, nilikuwa nimeshaipita Paje nikielekea Makunduchi, kusini mwa Unguja. Nimetoka mjini na funga yangu, kichwa kinagonga, na akilini limo jambo moja tu: nifike nyumbani kabla ya adhana. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye 80. Katika kijiji ninachokijua nyumba kwa nyumba, mtoto wa miaka saba hivi akachomoza ubavuni mwa banda, mikono miwili imeshika bakuli lililofunikwa kawa. Anapeleka futari kwa jirani, upande wa pili wa barabara. Macho yake yote kwenye bakuli, asije akamwaga.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari ikaserereka, ikasimama hatua chache tu kutoka pale alipo. Yeye alikuwa amesharuka nyuma, bakuli limemponyoka, muhogo wa nazi umetapakaa kwenye lami na kawa inabingirika peke yake hadi majanini. Hakulia. Aliutazama ule muhogo, kisha akanitazama mimi, kama kwamba aliyekosa ni yeye.

Bibi yake akatoka mbio. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikaeleza nilikuwa na mwendo mkubwa. Akanipoza: "Ajali haina kinga, baba. Mtoto mzima, alhamdulillah. Nenda ukafuturu." Alinisamehe kwa moyo mweupe na kila siku namwombea kheri. Lakini yale maneno yake siwezi kuyakubali.

"Ajali haina kinga" tumeisema mpaka hatuisikii tena. Kila tukitoka kuzika kijana wa pikipiki, barazani inasemwa hivyo, vichwa vinatikiswa, na kesho yake tunaendesha vilevile. Mimi ni Muislamu, naamini kila nafsi ina ajali yake iliyoandikwa. Ila mwendo wa 80 katikati ya kijiji haukuandikwa na mtu mwingine. Niliuchagua mimi kwa mguu wangu wa kulia.

Dakika chache kabla ya pale nilikuwa nimepita msitu wa Jozani. Anayeijua njia ile anajua matuta yake. Nilipunguza, nikapanda tuta polepole, nikashuka, hata nikachungulia juu ya miti. Matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, ambaye kwa asili haishi popote duniani ila hapa Unguja. Barabara ile ilipotiwa lami miaka ya 1990 gari zikaanza kukimbia, na ikakadiriwa kwamba kima mmoja alikuwa akiuawa kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Yakawekwa matuta. Makadirio ya baadaye yakaonyesha kima mmoja kwa wiki sita. Bado wanakufa, na inasikitisha, lakini vifo vilishuka, tena sana. Madereva ni walewale, kima ni walewale, hakuna aliyewafundisha kuangalia kulia na kushoto. Kilichobadilika ni mwendo peke yake.

Basi kama ajali haina kinga, kima wale wamekingwa na nini?

Nilipotulia nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Gari iliyo kwenye 80 inakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde nzima kutoka anapoona kitu hadi mguu uguse breki, kwa hiyo mita 22 zimeshaliwa na breki bado haijashika. Ongeza umbali wa kuburura hadi gari isimame, hata kwenye lami kavu na tairi nzuri, unapita mita 50. Ukiwa kwenye 40, kitu hichohicho kinakwisha kwa kama mita 20. Tofauti hiyo ni urefu wa nyumba mbili tatu za kijiji, na mtoto mwenye bakuli anasimama humo ndani. Ukigonga, nako kuna hesabu yake: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo inazidi mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na uso wa gari inapanda mara nne na nusu mwendo ukitoka 50 kufika 65. Kilomita kumi na tano tu, ambazo dereva aliye ndani ya gari hata hazihisi. Ndiyo maana simwamini tena anayeniambia "mimi naendesha kasi lakini nina uzoefu." Uzoefu haufupishi mita 22.

Nazungumzia Ramadhani kwa sababu ile nusu saa kabla ya magharibi naiogopa kuliko usiku wa manane. Dereva ana njaa na kiu, wengine wamenyimwa sigara mchana kutwa, jua liko machoni kwa anayeelekea magharibi. Gari za shamba zimejaa, abiria wenyewe wanamhimiza dereva akanyage mafuta. Na ndiyo saa hiyohiyo watoto wako barabarani na mabakuli, wazee wanavuka kwenda msikitini, gari la ng'ombe linarudi kondeni bila taa hata moja. Dawa yake si ngumu. Tangu siku ile ndani ya gari yangu kuna tende na chupa ya maji mwezi mzima. Adhana ikinikuta njiani naegesha pembeni, nafuturu, naendelea. Mke wangu anajua asiningojee. Hakuna fungu la dini linalosema lazima ufuturu kwenye mkeka wa nyumbani kwako.

Yako na mengine. Simu: iwe nyuma ya gari, siyo mapajani. Helmeti: baba amevaa, mama na mtoto kwenye Vespa hiyohiyo hawana. Mkanda: unafungwa akionekana askari, akipita unafunguliwa. Hayo kila mtu anayajua, sitayarefusha.

Lakini tabia moja inaniuma, nami nimeifanya miaka mingi. Tukimwona askari wa barabarani amesimama mbele, tunawawashia taa wanaokuja ili wapunguze. Tunaona ni ihsani, kusaidiana. Mwenzio akishampita askari anarudi kwenye 90 yake na kijiji kinachofuata hakina askari wala mtu wa kumwashia. Sijawahi kumwona dereva anawasha taa kumwambia mwenzake kuna watoto wanatoka chuo cha Kurani mbele. Mimi sasa nawawashia hao tu. Wengine wanapunguza, wakifika wanakuta watoto wenye juzuu kwapani badala ya askari, na wananitolea maneno. Sawa.

Serikali nayo ina deni hapa. Barabara nyingi za shamba zimepata lami nzuri, kule Pemba na huku kwetu vilevile, na sehemu nyingi kandoni hakuna pa kutembea. Lami ikishakuwa nzuri mguu nao unakuwa mzito. Nataka kila penye skuli na chuo pawe na matuta kama yale ya Jozani, yapakwe rangi yaonekane usiku, na wanakijiji waulizwe yawekwe wapi, kwa sababu wao ndio wanaojua mtoto anavukia mlango gani. Wako wanaolalamika kwamba matuta yanaua springi za gari. Springi zinauzwa dukani.

Wiki iliyopita nilipita pale tena. Mtoto amekua, alikuwa akiendesha baskeli ya mtu mkubwa, mguu umepitishwa chini ya bomba. Nilikuwa kwenye 30, nyuma yangu daladala inapiga honi mfululizo. Nikaiacha ipige hadi tulipoimaliza nyumba ya mwisho.