Mtani Kaburini

Mpare akiitwa msibani Uchagani, ajue hakuitwa kulia. Wa kulia wapo, tena wa kutosha, na wengine wamekuja kwa ndege. Yeye ana kazi yake: kumsema marehemu, kuwasema wafiwa, kudai hela ambazo hakuwahi kumkopesha mtu, na kuhakikisha kwamba kabla jeneza halijashuka mjane amecheka angalau mara moja. Sheria ya utani ni fupi: hakuna kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na unatozwa faini juu.

Wangoni na Wahehe utani wao walianza kwa kupigana. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana kwenye njia za misafara ya kwenda pwani. Sisi na Wachaga ni majirani wa biashara: wahunzi wa Ugweno walifua chuma, Mchaga akanunua jembe na mkuki. Mimi nashikilia kwamba mpaka leo hawajamaliza kulipa. Wao wanasema Mpare ni bahili na mpenda kesi, yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Na sisi tunasema Mchaga akizimia usihangaike na daktari, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Asipofumbua macho, kachimbeni kaburi.

Basi baba wa mwenzangu wa kazini alipofariki, mzee aliyekula chumvi nyingi, nilipigiwa simu kabla hata kamati ya mazishi haijakaa.

"Mpare wewe, mzee ametutoka," mwenzangu alisema huku analia. "Andaa matusi."

Wakati huo, mchana nilikuwa karani wa stoo, na mwisho wa wiki nikawa MC wa vipaimara, send-off na harusi za bajeti ndogo. Moyoni lakini nilikuwa mchekeshaji. Sikumwambia mtu, maana kwetu ukisema kazi yako ni kuchekesha, wanakuuliza na kazi ni ipi. Nilikuwa nimeshapanda jukwaani katika ukumbi mmoja Dar es Salaam na vichekesho vya viwanja vya ndege, hoteli za kitalii na mke wa Kizungu. Ndege mimi naijua ikinipita juu ya kichwa Vingunguti. Hoteli ya kitalii nimeingia kupeleka mzigo, mlango wa nyuma. Ukumbi ulinisikiliza kama unasikiliza taarifa ya habari. Kijana mmoja wa mbele alicheka sana, nikamgeukia kwa shukrani, kumbe anatazama simu yake.

Nilimhusudu sana marehemu King Majuto. Yule mzee alikuwa akitokea tu, hajafungua mdomo, watu hoi. Nilidhani ni uso. Siku hizi nadhani ni kwamba hakuona haya kuwa mnyonge mbele za watu, na mnyonge tunamjua sote, tunalala naye kitanda kimoja.

Safari ya Moshi nikapanda basi na daftari langu la matusi mapya mapajani. Tulipita Same, tukapita Mwanga, na pale njia panda ya kupanda kwetu Usangi nikainamisha kichwa, maana sikuwa nimemwambia mama kwamba napita. Mwanamke yule ana macho ya mbali.

Tulifika kihambani asubuhi ya mazishi. Mahema yalikuwa yamefungwa katikati ya migomba, spika kubwa pembeni, kamati na sare zake, moshi wa machalari unatoka nyuma ya nyumba. Anga limeziba, mlima hauonekani, na manyunyu yale ya Kilimanjaro yasiyoamua kuwa mvua yanashuka. Nilipewa koti la marehemu, kofia yake na bakora yake, kisha maikrofoni isiyo na waya. Hiyo maikrofoni ikumbukeni.

Kabla yangu alisimama mpwa wa marehemu kusoma wasifu. Alisoma vizuri, karatasi ndani ya faili la plastiki. Marehemu alikuwa mpole. Marehemu alikuwa mkarimu kwa kila mtu. Hapo kwenye ukarimu, mahali fulani nyuma ya hema, mtu alikohoa, na mwingine akakohoa kumjibu. Mzee alikuwa na duka Manzese kwa miaka mingi, na kila aliyewahi kununua kiberiti pale alijua kikohozi kile kinasema nini.

Nikaingia. Nilifungua na kichekesho cha sarafu. Waombolezaji walikimalizia wenyewe, wote kwa pamoja, kwa sauti ya kukariri, mpaka watoto. Nikaleta cha pili kutoka kwenye daftari, cha mwanasheria na mbuzi. Kimya. Cha tatu kilikuwa kirefu, na katikati yake nilisikia mwanakamati anauliza kama sahani zitatosha.

Nikaliweka daftari mfukoni. Nikabaki na bakora ya mzee tu, nikaiegemea alivyokuwa akiiegemea, nikatoa noti za mfukoni na kuanza kuhesabu chenji ya mteja wa kufikirika. Nikahesabu, nikalamba kidole, nikahesabu tena, nikainua noti moja kwenye mwanga nihakikishe hazijagandana mbili. Mama mjane alikuwa ameketi mstari wa mbele kati ya wakwe zake. Alivuta kanga akafunika mdomo. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Mkwe mmoja akamshika akidhani kilio kimerudi, na yule mama akaondoa kanga akasema, kwa sauti kavu kabisa, "Alikuwa anahesabu mara tatu."

Hema lilipasuka kwa kicheko. Mimi nikalewa. Mchekeshaji aliyeonja hawezi kushuka akaketi, anataka kingine kikubwa zaidi. Na kikubwa zaidi, kwa mtani, ni kimoja: kuingia kaburini na kugoma kutoka hadi ulipwe.

Wazee wa zamani walikuwa wanaruka kwenye udongo. Siku hizi, hasa upande ule, kaburi linajengwa kwa tofali na kupigwa taizi ndani. Hili lilikuwa na taizi nyeupe chini na ukutani, na mstari wa maua ya buluu ukizunguka juu. Ngazi ya fundi ilikuwa bado imeegemea ukutani. Nikashuka taratibu na moka zangu, zile ambazo soli imeshalika hadi ikawa laini ya kunyolea ndevu. Chini kulikuwa na harufu ya saruji mbichi, na sura yangu ilinitazama kutoka pande zote nne.

Nilikuwa na mstari wa kusema. Nimeuandaa tangu Korogwe. Nikasahau wote, maana nilikuwa nimeishika taizi kwa mkono, na kilichonitoka kwenye maikrofoni kilikuwa hiki:

"Jamani. Hapa ni pazuri kuliko ninapokaa."

Wakacheka. Sikuwa nimekusudia kuchekesha, nilikuwa nashangaa. Nikaendelea kushangaa kwa sauti. Nikawaambia nimepanga chumba kimoja Mbagala, sakafu imebanduka, mlango unafungwa kwa tofali, choo ni cha nyumba nzima na asubuhi kina foleni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na juzi ameongeza. Huku hakuna kodi, hakuna luku, hakuna jirani anayeazima chumvi saa tano usiku. "Mzee mpelekeni Mbagala," nikasema, "nimeshalipa mpaka mwezi wa nne. Mimi sitoki."

Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, mambo ambayo sijawahi kumwambia hata mwenzangu wa kazini, ambaye alikuwa anadhani nakaa Tabata. Nilimwona juu, ameshika ukingo wa hema, machozi ya msiba na ya kicheko yamechanganyika, hajui afute yapi. Noti zikaanza kushuka. Sarafu zikalia kwenye taizi.

Kijana mmoja, mjukuu wa marehemu, akainama, akaishika ngazi, akaivuta juu. "Si umesema hutoki?" Akaondoka nayo. Huo ulikuwa utani wa kujibu utani, na kwa haki yake ulikuwa mzuri.

Elfu kumi moja ilitua kwenye kona. Mpare hawezi kuiacha elfu kumi inalowa. Nikapiga hatua, manyunyu yalishatandaza utelezi, moka zikaenda zake na mimi nikaenda zangu. Nilishuka kwa makalio. Taizi chini yangu ikalia *ta!* na suruali ikaitikia kuanzia kwenye mkanda hadi karibu na goti. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimekunjwa upande usiokubalika.

"Jamani," nikasema, "nimeumia."

Kicheko.

"Kweli. Mguu."

Kicheko kikubwa zaidi, na mvua ya sarafu, moja ikanipata kwenye utosi.

"Wazee wangu, sitanii!"

Hapo ndipo mzee mmoja aliposhikwa na wajukuu wawili asianguke na kiti chake. Sijawahi kupata kicheko cha namna hiyo kabla wala baada yake. Kadiri nilivyowasihi ndivyo walivyozidi kukaukiwa pumzi. Nilijaribu kusimama na mguu mmoja nikateleza tena, wakapiga makofi.

Ndipo simu ikaita. Mlio wangu, wimbo wa taarabu, ukapitia kwenye maikrofoni ukatokea kwenye spika zote na kutambaa mpaka kwenye migomba ya majirani. Nikaitazama. Mama.

Simu ya mama haikatwi. Nilipokea kwa mkono wa kulia, na maikrofoni ilikuwa kwenye huohuo.

"Baba, nimeambiwa umeonekana Mwanga ndani ya basi umeinama. Uko wapi?"

"Shikamoo mama. Niko kaburini."

Kimya kidogo. Msiba mzima ulikuwa umenyamaza, hata watoto.

"La nani?"

"La Mchaga mmoja, mama. Baba wa rafiki yangu. Nimeitwa kwenye utani."

"Wamekulipa?"

"Kidogo."

"Basi usitoke."

Akakata.

Sitaeleza kilichotokea juu pale. Itoshe kwamba mwanakamati wa sahani aliketi chini kwenye matope na sare yake. Nami, nikiwa nimekaa kwenye taizi iliyopasuka, nilielewa mambo mawili: kwamba kipaji katika familia yetu hakikuanzia kwangu, na kwamba mwanamke yule hakuwa anatania.

Mchungaji ndiye aliyeniokoa, na hakuniokoa kwa huruma. Alisogea ukingoni akatazama saa yake. "Ndugu mtani, ibada ina ratiba."

"Mchungaji, hata mimi nina ratiba. Nimeteguka."

Akanitazama kwa makini. Nadhani wachungaji wamezoea kutofautisha. Akageuka akasema, "Huyu ameumia kweli," na kwa kuwa aliyesema ni mchungaji, wakaamini. Vijana walileta kamba, zilezile za kushushia jeneza, wakanipitisha kwapani, wakanivuta. Nilitoka taratibu: kwanza kofia ya marehemu, kisha mimi, kisha ile suruali. Koti la mzee lilikuwa refu, likanisitiri. Ubahili wake wa kununua nguo kubwa ili zidumu ulinifaa sana siku ile.

Jeneza liliposhuka watu walilia, walilia kweli, na mimi nililia nao nikiwa nimeegemea bakora yake. Hilo nalo watu wasioujua utani hawalielewi, wanadhani tulicheka badala ya kulia.

Jioni mganga wa viungo wa kijijini alininyoosha mguu kwa mafuta na maneno makali. Mhazini wa kamati akanihesabia fungu langu. Alihesabu mara tatu, akinitazama usoni kila mara, kisha akatoa fedha ya taizi moja na ya fundi. Nikagoma, tukavutana, akasema niende mahakamani. Nikamwambia ng'ombe ninaye. Mwenzangu wa kazini alikuja na bakuli la machalari akakaa kando yangu. Hakuuliza habari ya Mbagala. Alisema tu kwamba kwao Tabata, uani, kuna chumba kina taizi.

Nilikuwa bado natafuna nyama alipokuja bibi mmoja, mfupi, kanga mbili, anatembea bila fimbo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa shimoni?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Kwangu uje. Sitaki mtu asimame aseme nilikuwa mpole. Nilikuwa mkali. Mkwe wangu wa pili nilimfukuza na mwiko, na angerudi ningemfukuza tena. Hayo yasemwe."

"Yatasemwa, bibi. Lini?"

Swali lilinitoka kabla sijalipima. Bibi akacheka, meno machache yote nje, akanipiga bega.

"Wewe kaa tayari tu."

Nikaona biashara ni biashara, nikamwomba kianzio. Akafungua pindo la kanga polepole, akatoa noti ya elfu mbili, akaikunjua, akaitazama pande zote mbili. Kisha akaikunja, akairudisha, akafunga fundo kwa meno.

"Nikikupa sasa," akasema, "utakuja hata sijafa."