Gobore la Babu si Chuma Chakavu

Mwaka juzi nilikwenda Urambo kumsalimia babu, mdogo wake babu mzaa baba. Ukutani, pale bunduki ya gumegume, gobore la kushindilia baruti kwa mdomoni na kuiwasha kwa cheche za jiwe, ilipokuwa ikining'inia tangu nikiwa mtoto, nilikuta misumari miwili mitupu.

"Shikamoo babu. Bunduki imekwenda wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Alikuja kijana na pikipiki, akanipa elfu arobaini. Alisema chuma chakavu tu."

Iliniuma. Kitako chake kilikuwa kimepasuka, wazee wakakifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe ikakaukia juu yake, ikabana kuliko parafujo. Kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia palichorwa taji na neno TOWER, alama ya bunduki za jeshi la Uingereza, ingawa hata mafundi wa Birmingham na Liège walikuwa wakiigonga kwenye bunduki za biashara. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kupakia kwa nyuma, zile kuukuu ziliuzwa, zikashushwa Unguja, zikavushwa bara na kupanda Tabora mabegani mwa wapagazi. Huku zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo wa Urambo, walibeba za namna hiyo walipofunga njia ya misafara mwaka 1871. Na baruti ileile ndiyo mtemi Isike wa Unyanyembe, hapo Tabora, aliyoiwasha ndani ya boma lake Januari 1893, asikubali kushikwa na Wajerumani akiwa hai.

Nikaja kuiona tena mjini, nyuma ya duka moja. Ilikuwa imesuguliwa kwa msasa hadi taji likafutika, ikapakwa vanishi. Ngozi walishaikata wakaitupa, eti inanuka. Bei ilikuwa imepanda mara kumi na tano, na karatasi haikuwa nayo hata moja.

Mimi sipingi watu kukusanya silaha za kale. Napinga ukusanyaji wa namna hii. Mkusanyaji wa kweli huuliza kwanza: ya nani, aliipata wapi, aliiwindia nini? Huyaandika majibu kabla ya kutoa pesa. Kutu huifuta kwa kitambaa chenye mafuta, msasa hausogezi karibu. Na kabla ya lolote hutumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ndani ya kasiba, yaani mtutu, apime kama imeshindiliwa, maana baruti iliyokaa kavu haizeeki. Leseni nayo ni lazima; Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea.

Lakini na serikali nina neno nayo. Kila linapotoka tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari, wazee huleta magobore yao, na mwisho wake mara nyingi ni moto. Gobore la bomba la maji lililochongwa juzi kwa ajili ya ujangili, lichomwe. Ila pawe na mtu wa makumbusho pale kwenye rundo, mwenye jicho la kuijua ile ya TOWER. Hiyo izibwe kasiba isilie tena, ipelekwe Kwihara karibu na Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone ambalo sasa ni makumbusho, ikae na maelezo ya mzee aliyeileta.

Kijana wa pikipiki alisahau mdeki. Ulikuwa nyuma ya mlango, babu anauchokolea moto. Nilimwomba tukae, nikafungua daftari, akaanza na jina la baba yake.