Muhuri wa Rola

Leo asubuhi hapa Kigoma nimepanda bajaji Gungu kwenda sokoni Mwanga, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akalitazama shavu langu la kushoto, akalitazama tena, akauliza, "Baba, umeumwa na nini?" Nimemwambia jino. Ningesemaje? Kwamba nimelalia rola za nywele za mke wangu? Shavu zima lina vitundu vilivyojipanga mistari, utadhani nimegongwa muhuri nikasafirishwe.

Dereva naye kaniangalia kwenye kioo. Hakusema kitu, ila chenji kanirudishia pungufu, kwa huruma sijui.

Mnajua wenyewe bei za saluni siku hizi, na harusi ndiyo hivyo tena, kila Jumamosi. Mama Zena akatangaza kwamba rola sasa zinawekwa nyumbani. Nikashangilia kama mjinga. Kumbe mtu hajioni kisogo. Za mbele anaziweka mwenyewe. Za kisogoni ni zangu.

Na mimi ni fundi sasa, niheshimiwe. Nywele zenye dawa zioshwe, zivingirishwe zikiwa bado na majimaji. Zikianza kukauka mkononi, imekula kwako, lowesha upya. Fungu lisizidi upana wa rola. Livute, ncha uifunge karatasi, vingirisha mpaka karibu na ngozi, piga pini. Ncha ikikunjika vibaya itakaukia hivyohivyo, utoke na ndoana ya kuvulia migebuka.

Jana jioni nimebakiza fungu moja. Mama Zena yuko kwenye kigoda, mimi nyuma yake kwenye kiti, kitana juu ya sikio, pini sita mdomoni. Hodi! Mlango ulikuwa wazi. Baba mkwe, kutoka Kasulu, bila hata kupiga simu. Koti lake la vikao mwilini, dumu la mawese mkononi.

Mimi na mzee huyu tangu nioe hatujakalia benchi moja. Akiingia, nasimama. Basi nikasimama. Nilivyosimama, fungu la nywele mkononi likasimama nami, na mwenye nywele akasimama na yowe. Sasa jiwekeni nyie kwenye nafasi ya mzee: binti yake analia, mkwe yuko juu yake kamkamata nywele.

Nikasema shikamoo. Kwa pini sita, ikatoka "Ffkmo."

"Unasemaje?"

Nikarudia kwa adabu zaidi. Pini moja ikachomoka ikatua kwenye kiatu chake. Nikainama kuiokota, Mama Zena akainama nami, maana fungu sikuliachia. Ukiliachia unaanza upya!

"Unampiga mwanangu?"

"Hapana baba," mwanawe akasema kutoka huko chini, "ananiweka rola."

Mzee akanyamaza. Akalitua dumu taratibu, akavua kofia, akakaa.

"Sisi tulipokea ng'ombe," akasema. "Hatukuambiwa mkwe ni msusi."

Sikuwa na jibu, na mdomo ulikuwa na pini tano. Nikamalizia kazi huku natetemeka. Mzee ananitazama tu kama anasikiliza kesi ya shamba. Mwishoni akanyoosha fimbo: "Hiyo ya juu ya sikio imelegea." Ilikuwa imelegea kweli.

Ile kuchomeka draya tu, umeme ukaenda zake. Basi kalala nazo kichwani, neti juu, mto wote wake, na mimi kila nikigeuka naingia kwenye rola. Saa tisa usiku nikasema jamani, mimi nimebeba mizigo kutwa, nimevumilia mbu, nimevumilia maji ya mgao, kitanda nimenunua kwa jasho langu, hata shavu nisiliweke? Nikajibiwa, "Usizilaze." Za kwangu zimelala tangu nianze kupata upara, hakuna aliyeuliza!

Na sasa hivi wingu zito limesimama upande wa Kongo. Harusi iko Ujiji, jioni, hema lenyewe nimeliona, lina matundu kuliko shavu langu. Nywele za rola zikikutana na maji zinarudi kwao. Manyunyu dakika tano tu, kazi yangu ya saa tatu inaondoka bila kuaga.

Mzee naye kaamka mapema anauliza uji. Lile dumu lake halina mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019, Kasulu nzima naona wamerudi kuziba madumu kwa gunzi, na gunzi hilo lilikuwa bichi, limesinyaa usiku. Mawese yametambaa polepole mpaka kwenye kiti nilikotundika shati langu jeupe la harusi. Nimesugua kwa sabuni ya mche, nimesugua kwa limau, limekuwa rangi ya chungwa kiwiko chote. Hivi hii mifuniko ya madumu huwa inakwenda wapi? Dumu unanunua na mfuniko wake, wiki haiishi, mfuniko hauonekani, na hakuna mtoto anayekiri.