Ruzuku ya vitumbua

Mdogo wangu ana shahada ya sayansi ya mazingira. Tangu amalize chuo "anajitolea" kwenye kampuni moja ya mjini Dar es Salaam inayofanya tathmini za athari kwa mazingira. Analipwa nauli, na kuna miezi hata hiyo haionekani.

Nilipokuja likizo Desemba nilimsindikiza Mto Msimbazi kuchota sampuli za maji. Kashuka kwenye matope na malapa. Chupa kazipanga ndani ya ndoo, kazizungushia barafu alizonunua kwa hela yake (za kwenye vifuko vya nailoni, marufuku ya 2019 kwa Mangi bado haijafika). Kisha bodaboda hadi maabara, ndoo kaipakata kama mtoto.

Mimi niko Calgary, Kanada, kazi yangu ni hiyohiyo. Msimu wa joto uliopita tulipata mfanyakazi wa muda, binti wa miaka 22. Siku ya kwanza tu kakuta buti za mpira zinamsubiri, na analipwa kwa saa. Bosi wetu si mkarimu kihivyo. Alimchukua kwa sababu serikali inambebea sehemu ya mshahara. Kwenye mpango wa Canada Summer Jobs, kwa vijana wa miaka 15 hadi 30, kampuni ndogo inarudishiwa hadi asilimia 50 ya kima cha chini, na shirika lisilo la faida hadi asilimia 100.

Siwapaki mafuta Wakanada. Ruzuku ikikata, wengi wanaagwa kwa keki, bosi anajaza fomu ya mwingine.

Kwetu ruzuku ipo pia, ila anayeitoa ni mama. Saa kumi alfajiri yuko jikoni Gongo la Mboto anakaanga vitumbua, ndipo ipatikane nauli, chakula na bando la kutuma ripoti kwa bosi. Mteja analipa kampuni kwa sampuli zilezile.

Mtanitajia asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri, 4 zikiwa za vijana. Ule ni mkopo wa vikundi. Mtu wa maji aunde kikundi akafuge kuku?

Huko Tanzania Bara mwajiri mwenye watumishi 10 na zaidi, kama hajasamehewa, analipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Kipande chake kilipe nusu ya mshahara wa mhitimu kwa mwaka mmoja, awe na mkataba wa maandishi, na hela iingie kwenye akaunti ya kijana mwenyewe. Ikipitia kwa kampuni, tutasikia "mfumo uko chini" hadi mwaka uishe.

Juzi nilimsimulia mama kwenye simu habari za zile buti. Akanyamaza, kisha akauliza kama namba ya kiatu ya mdogo wangu naikumbuka.