Conte alibadilika, Amorim akagoma: nani alikuwa sahihi?

Swali ni hili: kocha aubadili mfumo ili uwafae wachezaji alionao, au ashikilie wake hadi wachezaji waufae? Septemba 24, 2016, Chelsea walikwenda mapumziko Emirates, uwanja wa Arsenal, wakiwa wameshafungwa 3-0. Dakika ya 55 kocha wao, Antonio Conte, akamtoa Cesc Fàbregas, akamwingiza Marcos Alonso, beki wa kushoto, na kuhamia mabeki watatu wa kati. Matokeo ya siku ile hayakubadilika, lakini kuanzia mchezo uliofuata dhidi ya Hull City, Chelsea walishinda mechi 13 za ligi mfululizo, sita za mwanzo bila kuruhusu bao. Wakatwaa ubingwa kwa pointi 93, baada ya kumaliza nafasi ya 10 msimu uliotangulia.

Mtazame kila mchezaji alivyopangwa. Victor Moses, winga aliyezoea kutolewa kwa mkopo, alipewa upande wote wa kulia. César Azpilicueta, beki wa pembeni, aliingizwa ndani, akawa anaziba Moses anapopanda. David Luiz ana pasi nzuri ila alikuwa hatari akiachwa peke yake na mshambuliaji, kwa hiyo akawekwa katikati ya wenzake wawili. Eden Hazard naye akapunguziwa kazi ya kumkimbiza beki hadi karibu na kibendera cha kona, kwa sababu Alonso alikuwa pale. Aliyelipa gharama ni Fàbregas, fundi wa pasi, aliyejikuta benchi mara nyingi.

Ni rahisi kusema basi kila kocha afanye hivyo. Lakini Conte hakuokota mfumo njiani. Mabeki watatu aliwatumia Juventus na timu ya taifa ya Italia. Kocha anayebadili mfumo kila wiki kwa sababu ya majeruhi au kelele za jukwaani huishia na wachezaji wasiojua nani amkabe nani mpira ukipotea.

Pep Guardiola ni hoja nzito ya upande huu wa kushikilia mfumo. Msimu wa 2016/17 alimaliza wa tatu na Manchester City, hana kombe hata moja, na hakuacha soka lake. Walipokuja Ederson na Kyle Walker, msimu uliofuata akavuna pointi 100. Ila hata yeye, Benjamin Mendy alipoumia goti, alimpa beki ya kushoto Fabian Delph, kiungo, na akamruhusu aingie katikati kucheza anavyojua. Tena City walikuwa na fedha za kusubiri na kununua, jambo ambalo klabu nyingi hazina.

Rúben Amorim alitua Manchester United Novemba 2024, katikati ya msimu, na mfumo wa 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu) uliompa ubingwa wa Ureno mara mbili akiwa Sporting. Nakubali hakupata maandalizi ya msimu wala kikosi alichokichagua. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuanza na waliopo. Diogo Dalot, mtu wa mguu wa kulia, alichezeshwa kushoto, na Bruno Fernandes mara nyingi akashushwa kwenye viungo wawili wa chini, mbali na eneo analoumiza watu. United wakamaliza wa 15 kwa pointi 42 na kupoteza fainali ya Europa League mbele ya Tottenham.

Kwangu, kosa halikuwa kuupenda mfumo wake. Angeweza kuulinda hadi dirisha la usajili la kiangazi na bado akamwacha Bruno acheze nyuma ya mshambuliaji.