Vijiji vya Ufaransa Tusivyokwenda

Mtu wa kwetu akipata viza ya kwenda Ufaransa, safari yake huwa imekwisha kupangwa kabla hajapanda ndege: picha chini ya Mnara wa Eiffel, kutwa moja ya kuzunguka madukani na, ikiwa ana watoto, kutwa nyingine Disneyland. Simcheki, kwa sababu safari yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, hata foleni nilizipiga picha. Safari ya pili nilishuka katika kituo kidogo cha reli cha Champagney, kijiji cha Haute-Saône mashariki mwa nchi hiyo, na tangu siku ile ninashikilia rai ambayo ndugu zangu wanaiona kuwa ni ukaidi mtupu, kwamba mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki aliyejaliwa siku nne tu Ufaransa ni afadhali aikose Paris kuliko kuvikosa vijiji vya upande ule.

Kwa sura, kijiji chenyewe hakina la kumsimamisha mpita njia, kwani utaona kanisa, barabara kuu moja, nyumba zenye mapaa ya mteremko, na nyuma yake milima ya Vosges iliyofunikwa na misitu. Kilichokipa Champagney jina ni karatasi. Mwanzoni mwa 1789, Mfalme Louis wa 16, ambaye hazina yake ilikuwa imekauka, aliitisha Baraza Kuu la matabaka ya nchi, na kila jumuiya, hata ya wakulima ambao wengi wao hawakujua kusoma, ikatakiwa kuandika daftari la malalamiko yake. Madaftari mengi yalieleza yale ambayo mkulima yeyote angeyaeleza, yaani kodi ya chumvi, ushuru wa bwana mwenye ardhi na haki ya kukata kuni msituni. Wakazi wa Champagney nao walikuwa na ya kwao ya namna hiyo, lakini tarehe 19 Machi, katika kifungu cha 29, walimwomba mfalme akomeshe utumwa wa watu weusi katika makoloni. Walisema kwamba hawawezi kuyafikiria mateso ya watu hao bila moyo kujaa uchungu, kwa kuwa ni binadamu wenzao wanaotendewa kwa ukali kuliko wanyama wa mizigo.

Swali ambalo lilinikaa kichwani tangu nilipoingia katika jumba la makumbusho la kijiji hicho, lililoanzishwa 1971 na kupata ulezi wa Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, ni jinsi watu hao walivyofika kwenye kifungu hicho. Bahari iko mbali sana na Champagney. Inasimuliwa kwamba kanisani mwao mlikuwa na mchoro wa Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, na kwamba mmoja wa Mamajusi hao, Balthazar, alichorwa mweusi, ndipo mwenyeji wa kijiji aliyekuwa akitumikia katika kikosi cha walinzi wa mfalme, Jacques-Antoine Priqueler, alipowaeleza wenzake yaliyokuwa yakiwapata watu wa rangi ile katika visiwa vya mbali. Masimulizi hayo yananivutia, ila nadhani hayatoshi. Mkoa huo wa Franche-Comté ulikuwa miongoni mwa sehemu za Ufaransa ambako mabaki ya utumwa wa ardhi yalidumu hadi wakati huo. Mkulima aliyefungwa na sheria hiyo, iliyoitwa mainmorte, hakuweza kumrithisha mali yake amtakaye, na mtu asiye na mrithi wa kuishi naye chini ya paa moja aliona shamba lake likirudi kwa bwana. Kwa mtu aliyezaliwa katika hali kama hiyo, habari za binadamu aliye mali ya binadamu mwenzake hazikuhitaji maelezo marefu.

Sasa lipo jambo ambalo makumbusho yale hayakunieleza, na ambalo mtu wa kwetu analibeba mwenyewe anapoingia mle. Tarehe 14 Septemba 1776, miaka 13 kabla ya kifungu cha 29, Mfaransa mmoja mfanyabiashara ya watumwa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, yaani sarafu za fedha za wakati huo, na juu ya bei hiyo Morice angempa Sultani zawadi ya piastre mbili kwa kila kichwa. Watu hao walipelekwa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, yaani Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Makoloni yaliyowasikitisha wakulima wa Champagney kwa kawaida huelezwa kuwa ni yale ya Bahari ya Karibi, Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na Martinique, na hata maelezo ya ukutani yalikuwa ya bahari hiyo. Hata hivyo kifungu hakikutaja bahari. Waliposema makoloni, walimsemea pia mtu aliyeteremshwa kutoka bara hadi Kilwa na kupandishwa jahazini, hata kama hawakujua kwamba Kilwa ipo duniani.

Mwaka 2004 Champagney iliunganishwa na maeneo mengine ya mashariki ya Ufaransa katika njia moja ya matembezi, Njia ya Kukomeshwa kwa Utumwa. Njia hiyo ndiyo ninayoitetea hapa, na naitetea dhidi ya njia nyingine iliyo maarufu zaidi. Tangu 1982 ipo jumuiya ya Vijiji Vizuri Kupita Vyote vya Ufaransa, iliyozaliwa Collonges-la-Rouge, kijiji cha mawe mekundu huko Corrèze. Kijiji kinachotaka kuingia humo hakitakiwi kuzidi wakazi 2,000, na ni lazima kiwe na angalau majengo au maeneo mawili yanayolindwa na sheria. Jumuiya hiyo imeviokoa vijiji vingi visigeuke mahame, na mtu aliyesimama Conques mbele ya lango la kanisa lenye sanamu za Siku ya Hukumu hatanielewa nikisema kwamba amepoteza muda. Tatizo langu ni kwamba uzuri ukishatiwa katika orodha huanza kufanana. Maua yale yale madirishani, duka lile lile la sabuni za mrujuani, mgahawa ule ule wenye ubao wa chaki. Mgeni anatoka akiwa amefurahi, ila ukimuuliza watu wa pale waliwahi kutaka nini au kuogopa nini, hana la kusema.

Kituo kilichonielemea zaidi katika njia hiyo ni ngome ya Joux, karibu na Pontarlier, juu ya mwamba unaoibana barabara ya kwenda Uswisi. Humo ndimo alimofungwa Toussaint Louverture, mtu aliyezaliwa mtumwa Saint-Domingue akaja kuwa jenerali na gavana wa kisiwa. Alikamatwa kwa hila mwezi Juni 1802, akavushwa bahari, akafikishwa ngomeni mwezi Agosti, na tarehe 7 Aprili 1803 akakutwa amekufa. Chumba chake ni cha mawe matupu, kina dari la tao na mwanga kidogo unaopenya juu ya dirisha lililozibwa. Nilikwenda mwezi Juni, nikiwa nimevaa koti, na bado baridi ya kuta ilinifikia. Si mbali na hapo kipo kijiji cha Mouthe, ambako mwaka 1968 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 36.7 chini ya sifuri, na Wafaransa wenyewe hukiita Siberia ndogo. Aliyeichagua ngome hiyo kwa ajili ya mzee wa nchi ya joto hakuhitaji kutoa hukumu ya kifo. Toussaint alizikwa ngomeni, na baadaye ujenzi ukayapoteza mabaki yake, kwa hiyo hakuna kaburi la kusomea dua. Miezi tisa baada ya kifo chake Haiti ilijitangazia uhuru.

Vituo vingine nitavitaja kwa haraka, kwa kuwa kila kimoja ni cha mtu mmoja na kinatazamwa kwa saa moja. Emberménil, huko Lorraine, ni parokia ya Padre Henri Grégoire, ambaye alikwenda katika Baraza la Mapinduzi kuwasemea Wayahudi na watu weusi. Chamblanc, huko Burgundy, ndiko alikolelewa Anne-Marie Javouhey, mwanzilishi wa Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Cluny, aliyefanya kazi na watumwa waliokombolewa huko Mana, Guyana ya Ufaransa. Fessenheim, huko Alsace, ni asili ya familia ya Victor Schœlcher, mwandishi wa amri ya tarehe 27 Aprili 1848 iliyomaliza utumwa katika makoloni ya Ufaransa, ingawa Mfaransa wa leo ukimtajia Fessenheim hukumbuka kwanza kinu cha nyuklia kilichofungwa 2020. Wasomaji wa Bagamoyo wataona kwamba Alsace hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Padre Anton Horner, aliyefungua mji wa misheni mwaka 1868 na kuwaweka humo watu waliokombolewa kutoka utumwani.

Kuhusu kusafiri kwenyewe, sitaki kumdanganya mtu. Champagney inafikika kwa treni ya mkoa kutoka Belfort, safari isiyofika nusu saa, lakini kwa vituo vingine bila gari la kukodi utapoteza siku nzima ukisubiri basi. Ngome ya Joux hufungwa wakati wa baridi, na makumbusho madogo ya vijijini hayana budi kuulizwa saa zake kabla ya safari. Jumapili mchana kijiji cha Ufaransa hulala fofofo. Chakula cha mchana huandaliwa kati ya saa sita na saa nane, na ukifika saa nane unusu utaambiwa kwa adabu kwamba jiko limefungwa. Lililo muhimu kuliko yote ni salamu: ukiingia dukani na kuuliza bei kabla ya kusema “bonjour”, utajibiwa kama mtu aliyeingia ndani bila kupiga hodi, na kwa hilo wanakijiji wa huko wanafanana nasi kuliko watu wa Paris. Msomaji Mwislamu ajue kwamba soseji ya Morteau, fahari ya milima ile, ni ya nguruwe, na kwamba jibini ya Comté, ambayo gurudumu lake moja la kilo 40 hutumia lita 400 hivi za maziwa, hugandishwa kwa kimeng’enya cha tumbo la ndama. Kila mtu aamue kwa fatwa anayoifuata. Mimi niliila.

Kilomita chache kutoka Champagney, juu ya kilima cha Ronchamp, limo kanisa dogo la Notre-Dame-du-Haut lililochorwa na msanifu majengo Le Corbusier na kukamilika 1955, lenye paa lililovimba kama tanga. Ni Urithi wa Dunia tangu 2016, na siku niliyokwenda nililikuta limezungukwa na mabasi ya wanafunzi wa usanifu majengo. Katika makumbusho ya Champagney asubuhi ile tulikuwa wageni watatu. Ni kanisa zuri, sina neno nalo, lakini hesabu ile ilinikera njia nzima.

Naijua hoja ya kunipinga, kwa kuwa nilijipinga mwenyewe. Njia ya namna hii ina namna ya kumfariji Mfaransa, kwani inamtembeza kwa waliokomesha utumwa, sio kwa waliotajirika nao, na mtu anaweza kuimaliza yote akidhani kwamba nchi hiyo haikuwa na Morice hata mmoja. Nantes imejitahidi zaidi kwa kujenga mnara wa kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa ukingoni mwa mto Loire mwaka 2012, lakini Nantes ni jiji, na hapa nazungumzia mashamba. Tena hadithi yenyewe haikunyooka kama mabango yanavyopenda inyooke. Bunge la Mapinduzi lilifuta utumwa mwezi Februari 1794, na wajumbe walipofika Île de France mwaka 1796 kuitekeleza amri hiyo, wenye mashamba waliwafukuza. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa kwa sheria. Réunion ilisubiri hadi tarehe 20 Desemba 1848, kwa hiyo kati ya daftari la Champagney na uhuru wa wajukuu wa watu waliouzwa Kilwa ilipita karibu miaka 60. Hilo linapaswa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama kifungu cha 29 kilivyoandikwa.

Lakini ukuta wa kwanza wa kuandikwa ni wetu. Nimekwenda Kilwa Kisiwani mara mbili, mara ya mwisho baada ya safari hiyo, nikiwa na nakala ya maneno ya mkataba niliyoyaandika katika daftari langu. Kijana aliyetutembeza alikuwa hodari; alitueleza dhahabu ya Sofala, kuba za Msikiti Mkuu, Ibn Battuta, Wareno na Gereza lililojengwa juu ya magofu ya ngome yao. Tulipofika Makutani, katika jumba lililokaliwa na masultani wa karne ya 18, alisema kwamba hapa ndipo mfalme alipokuwa akipokea wageni, akataka tuendelee kwa sababu maji ya bahari yalikuwa yanatoka na mashua ingekwama. Nilimwomba dakika moja, nikamsomea: watumwa 1,000 kwa mwaka, piastre 20 kila mmoja, piastre mbili za Sultani. Aliniomba nirudie ili aandike katika simu yake, kisha akauliza kama wale wakulima wa huko walipata kujua jina la mji huu. Nilimwambia sidhani. Aliandika na hilo pia, na tukashuka kuelekea mashuani.